Kinyozi Ajifunza Kuwinda Bata

Kinyozi alifungua duka lake mapema kila siku. Alifagia nywele za jana. Alipangusa kioo. Alitundika taulo safi kwenye msumari. Duka hilo lilikuwa la baba yake kabla ya kuwa lake. Kiti kilikuwa kilekile cha kuzunguka, chenye ngozi iliyopasuka upande mmoja. Kwenye rafu, karibu na chupa ya spiriti, alikaa bata wa mbao. Baba ndiye aliyemchonga. Zamani bata huyo alielea bwawani ili kuwavuta bata walio hai. Sasa alikaa tu, akiwatazama wateja wakinyolewa.

Mvua zilipokwisha, bata wa porini walianza kuja. Jioni walipita juu ya paa za maduka wakienda bwawani, nje kidogo ya mji. Walipita wakipiga miluzi. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alimwomba kinyozi asimamishe mkasi.

"Sikiliza," alisema. "Enzi za baba yako, siku kama ya leo duka limefungwa."

"Najua, mwalimu."

"Alikuwa anaandika kwa chaki mlangoni: Nimekwenda kuwaona jamaa zangu. Jamaa zenyewe ni bata! Na sisi tunakwenda harusini na nywele kama vichaka."

Kinyozi alicheka. Lakini jioni hiyo alifunga duka akiwa na kitu kinachomvuta moyoni.

Nyumbani aliishi na mke wake, watoto wao na mama yake mzazi. Bata walipopita, mama aliacha chakula mezani akatoka uani. Alisimama mkono kiunoni, akawasindikiza kwa macho mpaka wakapotea. Wajukuu walisimama naye.

"Bibi, wanasema nini?"

"Wanaitana. Wa nyuma anamwambia wa mbele, nipo, usiniache."

Kinyozi alimtazama mama yake akakumbuka. Alikumbuka koti la baba lililolowa, likichuruzika maji mlangoni. Alikumbuka harufu ya matope. Alikumbuka watoto wakigombea manyoya ya bawa, yale yenye rangi ya kung'aa. Zaidi ya yote alimkumbuka mama, akinyonyoa bata uani huku akiongea bila kupumzika. Siku hizo mama alikuwa na maneno mengi. Tangu baba afariki, maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

"Mama, nitakuletea bata," kinyozi alisema.

Mama aligeuka. "Wewe?"

"Mimi. Mtoto wa nyoka si ni nyoka?"

"Haya," mama alisema, akarudi ndani.

Bunduki ya baba ilikuwapo. Ilikuwa ya marisau, yaani inatupa chembe nyingi ndogo kwa mpigo mmoja. Kinyozi aliirithi kwa njia halali, na polisi walimpa kibali cha kuimiliki. Aliitunza kwenye sanduku la chuma. Aliisafisha mara kwa mara, lakini hakuwahi kuifyatua. Aliona kibali kile kinatosha.

Alfajiri moja alivaa koti la baba akaondoka peke yake. Aliweka risasi ndani ya bunduki akiwa bado nyumbani, ili asichelewe. Njiani aliitupa begani, mdomo wake ukielekea huku na huku.

Bwawa lilikuwa na ukungu. Kundi la bata liliruka mbali, juu sana. Kinyozi hakungoja. Alielekeza bunduki katikati ya kundi akafyatua. Bega lilimuuma. Bata mmoja aliyumba, akashuka taratibu, akaangukia kwenye matete marefu.

Kinyozi alikimbia kumtafuta. Alipekua hapa, akapekua pale. Matope yalimfika magotini. Hakumwona.

Kisha akasikia kitu kikitikisa matete mbele yake. Ndiye huyo, aliwaza. Aliinua bunduki. Kidole kilikuwa tayari kwenye kifyatulio.

Matete yalifunguka. Mwanamke mmoja alisimama wima, ana mundu mkononi. Alikuwa mkata matete, anayesuka mikeka. Aliutazama mdomo wa bunduki, kisha akamtazama kinyozi.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "mimi si bata."

Kinyozi alishusha bunduki. Aliondoa kidole kwenye kifyatulio.

"Nisamehe, mama. Sikukuona."

"Hukuniona, na bado ulitaka kupiga?"

Yule mwanamke alifunga mzigo wake wa matete. Aliufunga polepole.

"Zamani alikuwa anakuja mzee mmoja hapa," alisema. "Kabla hajatia risasi, alikuwa anatuita. Wakata matete, mko wapi? Nasi tunaitika, kila mtu kutoka upande wake. Hakupiga mpaka ajue wote tuko wapi. Siku hizi hatujui nani anakuja."

Kinyozi alimjua mzee huyo. Aliona aibu kumtaja. Alitoa risasi zote kwenye bunduki, akamsaidia yule mwanamke kujitwika mzigo, akarudi nyumbani.

Mama alimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyuma, viatu vimejaa matope. Kinyozi alimweleza yote, hata lile la kidole. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Bunduki umeirithi, mwanangu," alisema. "Kuwinda hukurithi. Kuwinda kunafundishwa."

"Mbona baba hakunifundisha?"

"Alikuwa anakuamsha. Wewe ulikuwa unapenda kulala."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Mama aligusa koti. "Vua hilo likauke. Kisha nenda kwa jirani. Kuuliza si ujinga."

Jirani huyo alikuwa afisa wa wanyamapori. Mtaani walimwita Mama Ndege. Ndege akipita angani, yeye hukatisha hata salamu ili amtazame. Kinyozi alimkuta barazani akiziba tundu kwenye kiatu chake cha mpira. Mama Ndege alimsikiliza bila kuacha kazi. Kinyozi alipomaliza, Mama Ndege aliuliza.

"Huyo bata uliyempiga yuko wapi?"

"Sijui, dada. Nilimkosa kwenye matete."

"Basi bado yuko huko, na bawa limevunjika. Hataruka, na hatakufa upesi."

Kinyozi aliketi kwenye ukingo wa baraza.

"Unacho kibali cha kuwinda?"

"Ninacho cha bunduki."

"Hicho ni cha kukaa na bunduki. Kuua ndege ni kibali kingine. Sheria inasema uwinde ndege gani, wapi, miezi gani, na wangapi kwa siku. Kila nchi ina sheria zake, na hubadilika. Ndiyo maana mtu anauliza ofisini kabla ya kwenda, siyo baada ya kurudi. Kesho tutakwenda wote. Utawaeleza mwenyewe."

Walikwenda. Maafisa walimkaripia, naye alistahili. Walimwambia msimu ule asiguse bata tena. Ajifunze kwanza, apime uwezo wake, kisha aombe kibali. Kinyozi alikubali. Jioni Mama Ndege alikwenda naye bwawani, wakamtafuta yule bata mpaka giza likaingia. Walipata manyoya tu.

Masomo yalianzia dukani, wateja walipopungua.

"Wewe ni kinyozi," Mama Ndege alisema, akijizungusha kwenye kile kiti. "Mteja akigeuka ghafla, wembe unaufanyaje?"

"Nauondoa shingoni kwanza. Mengine baadaye."

"Na bunduki ni hivyohivyo. Ihesabu kuwa ina risasi siku zote, hata kama umezitoa wewe mwenyewe. Mdomo wake usimwelekee mtu kamwe. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeona unachopiga. Umeona, siyo umesikia."

"Na kama nimeona bata, lakini chini chini, karibu na maji?"

"Nyuma yake kuna nini?"

Kinyozi alifikiri. "Matete."

"Na ndani ya matete?"

"Watu," alisema.

"Basi usipige. Bata awe juu, na nyuma yake iwe anga tupu."

Mke wa kinyozi naye alikuwa na swali. Alimwalika Mama Ndege chai, akamwonyesha lile sanduku la chuma.

"Mimi nahofia watoto," alisema.

"Ufunguo uko wapi?"

"Umetundikwa nyuma ya mlango."

"Nani anajua?"

"Kila mtu. Hata paka."

Wote walicheka, lakini siku hiyohiyo mambo yalibadilika. Bunduki ilifungiwa peke yake, bila risasi. Risasi zilipata kisanduku chao chenye kufuli, chumba kingine. Funguo zote alibaki nazo kinyozi. Mama Ndege aliwaita watoto akawaambia, mkiona bunduki popote, msiiguse, ondokeni, mwiteni mtu mzima. Mke wa kinyozi alilala usingizi mzuri usiku ule, na asubuhi alisema hivyo.

Miezi ilipita. Siku za mapumziko kinyozi alikwenda kwenye uwanja wa shabaha. Mwanzoni alikosa sana. Aligundua kwamba bata akionekana kama nukta angani, chembe za risasi zitamjeruhi tu, hazitamuua. Alijifunza kungoja mpaka ndege afike karibu, aione wazi rangi yake. Alijifunza kuchagua bata mmoja, asipige kundi. Alijifunza pia kwamba risasi za madini ya risasi huacha sumu bwawani, ndege wakazimeza wakidhani ni mawe. Akatafuta zile za chuma.

Jioni alikaa barazani na Mama Ndege wakitazama angani kwa darubini.

"Yule?"

"Bata uso mweupe. Anaruhusiwa."

"Yule?"

"Shingo fupi, bawa lina doa... Sijui, dada."

"Jibu zuri. Usipojua, usipige. Hao wamebaki wachache, na sheria inawalinda."

Mara nyingine mama alijiunga nao. Alisema baba alikuwa akiwatambua bata kwa mlio, hata akiwa amefumba macho. Alikaa nao mpaka giza likaingia.

Msimu mpya ulipofunguliwa, kinyozi alikuwa na vibali vyote viwili mfukoni. Alfajiri, alipokuwa akifunga kamba za viatu, alimwona mama amesimama mlangoni. Amevaa koti la baba, mikono ya koti imekunjwa mara mbili.

"Twende," alisema mama. "Na mimi nimemwambia Mama Ndege."

Walikwenda wote watatu. Bunduki ilikuwa ndani ya mfuko wake, tupu. Walipofika bwawani, kinyozi aliweka viganja mdomoni akaita.

"Wakata matete! Mko wapi?"

Sauti ikatoka kulia, nyingine mbali zaidi. "Tuko huku! Kwenye ukingo wa juu!"

Walichagua maficho upande wa pili, jua likiwa mgongoni. Kinyozi alimweka bata wa mbao majini. Hapo ndipo alipotia risasi. Wakangoja.

Kundi la kwanza lilipita juu sana. Kinyozi hakuinua hata mkono. Kundi la pili lilikuja chini, lakini lilielekea ukingo wa juu. Aliliacha. Kisha ndege mmoja akaja peke yake, karibu kabisa. Kinyozi aliinua bunduki, akaona doa jeupe bawani, akaishusha.

"Vizuri," Mama Ndege alinong'ona.

Mama alisogea mbele. Aliweka vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Mluzi mrefu, unaopanda na kushuka. Kinyozi alimgeukia kwa mshangao.

"Mama, umejifunza wapi?"

"Hapahapa. Kabla hamjazaliwa, ulifikiri baba yako alikuja na nani? Tazama mbele."

Bata wachache walikuwa wamegeuka. Walizunguka bwawa, wakashuka wakielekea maficho. Walikuwa wa uso mweupe, waziwazi. Nyuma yao palikuwa na anga tupu. Kinyozi alichagua mmoja, akafyatua. Bata alianguka kwenye maji ya wazi, akatulia. Kinyozi hakuondoa macho pale alipoangukia. Alitoa risasi zilizobaki, akampa Mama Ndege bunduki, akaingia majini kumchukua.

Sheria iliruhusu zaidi. Lakini familia ilitosheka na huyo mmoja.

Mama alimpakata bata mapajani. Bado alikuwa na joto. Alimlaza manyoya kwa kidole, akaanza kuongea. Aliongea njia nzima. Aliongea uani alipokuwa akinyonyoa, wajukuu wakimzunguka, na mke wa kinyozi akachochea moto polepole ili asimkatishe. Alisimulia jinsi baba alivyoteleza akazama na kofia. Alisimulia jinsi walivyokimbizwa na nyuki. Usiku huo mama alikula akamaliza, akaomba mchuzi mwingine.

Kabla ya kulala, alimwita mwanawe.

"Kesho twende tena. Lakini bunduki uiache. Nataka kuwasikiliza tu."

"Tukirudi mikono mitupu, watu watacheka, mama."

"Wacheke. Baba yako alirudi mikono mitupu mara nyingi kuliko unavyojua. Ni mimi tu niliyekuwa sisemi."