Kilima cha Kunguru Kilipofunikwa

Kila asubuhi kabla ya kuingia darasani nilipita kwenye kiwanja cha ndege cha kijiji nikatazama ng'ambo ya mto, kwenye Kilima cha Kunguru. Kisha nilimwita mjomba Wassillie kwa redio ya mawasiliano ya shule. Yeye alikuwa mjini na ndege yake ndogo, akingoja neno langu. Huku kwetu Alaska barabara hazifiki, na rubani asiye na mtu wa kumwambia hali ya hewa ni kama kipofu.

Mjomba alikuwa na kikaratasi alichokibandika mbele ya usukani. Alikiandika mwenyewe, hakulazimishwa na mtu. Kilima kisipoonekana, haruki. Akishuka mpaka futi mia sita bila kuona kiwanja, anageuza, hata kama ananusa chakula cha kwao. Marubani wenzake walimtania eti anarusha ndege kama ajuza anayevuka barafu. Mjomba aliwajibu kwamba ajuza huyo ndiye aliyefika uzeeni.

Ijumaa moja ya Machi alikuwa aje kutuchukua twende kwenye mashindano ya mpira wa kikapu. Tulikuwa tumeyafanyia mazoezi majira yote ya baridi. Olinka alikuwa nahodha wetu, na bibi yake alikuwa ametufungia samaki wakavu wa njiani. Nikatazama ng'ambo. Kilima hakikuwapo, ukungu mtupu.

"Kwani kimehama?" Olinka akaninong'oneza. "Si kipo palepale? Sema unakiona."

Nikabonyeza redio. "Mjomba, kilima nakiona."

Baada ya dakika arobaini tulisikia muungurumo juu ya vichwa vyetu, lakini ndege hatukuiona. Sauti ikasogea kuelekea kilimani. Jamani, niliogopa. Kisha sauti ikageuka, ikafifia, pakawa kimya. Nilikaa mbele ya redio kwa muda mrefu, na hakuna aliyetaja mashindano tena.

Hatimaye Mjomba akaita. Alikuwa ametua salama mjini. Nilijua kila nyumba ina redio na kijiji kizima kinasikiliza, lakini sikuweza kunyamaza.

"Mjomba, nilikudanganya. Kilima sikukiona."

"Paa la shule yenu nililiona kwenye tundu la ukungu," alisema. "Kiwanja sikukiona. Nilitamani kushuka, mwanangu, nisikufiche. Lakini ile mipaka niliiandika nikiwa chini, nikinywa chai, akili imetulia. Ukishakuwa juu, hamu ya kufika inakudanganya, na wewe unaiamini. Kwa hiyo hamu yangu naizuia kwa kikaratasi. Hamu yako wewe ilizuiwa na nini?"

Mashindano yalichezwa bila sisi. Olinka alikwenda mwenyewe kwa mama yangu akakiri kwamba maneno yale aliyatoa yeye. Mama alimjibu kwamba kinywa kilichoyasema kilikuwa changu, na mimi niliona ni haki.

Jumatatu nilidhani Mjomba angemtafuta mtu mwingine. Redio ikakoroma.

"Anuska. Kilima?"

Nilitoka, nikatazama mpaka macho yakatoka machozi kwa baridi, nikarudi.

"Nusu tu, Mjomba. Juu kimefunikwa."

"Haya," akasema. "Basi naongeza chai."