Maharage Yaliyokataa Kuiva

Kila Ijumaa jioni kazi yangu ilikuwa moja: kuchambua maharage, kuyaosha na kuyaloweka. Mama alikuwa mfua nguo majumbani mwa watu, na pesa aliyorudi nayo siku hiyo aliigawa jikoni kabla hata ya kuvua viatu. Hii ya unga, hii ya mafuta, hii ya mkaa, hii ya maharage. Mayai hayakuwa na fungu.

Ijumaa ile niliomba mayai. Si mengi, mawili tu, moja langu na moja la mdogo wangu wa miaka sita, tuliyemwita Kifungo.

"Mayai mawili ni mafuta ya siku tatu," mama alisema bila kugeuka. "Loweka maharage, Pilipili."

Pilipili ni mimi. Jina hilo alinipa mjomba kwa sababu ya hasira zangu, na jioni ile nililistahili. Maharage Jumamosi, maharage Jumapili, maharage mpaka nayaota! Nilibamiza kopo la maharage kwenye rafu, nikajifunika shuka gubigubi. Mama alipouliza kutoka uani, "Umeloweka?" nilijibu, "Nimeloweka." Neno lilinitoka kirahisi kabisa.

Asubuhi niliwahi kuamka, nikayamwaga maharage kwenye bakuli na kuyatia maji. Mama aliyakuta yamelowa. Alikuwa na haraka, hakuyabinya, akayabandika jikoni.

Mkaa wetu ulipimwa kwa kopo la rangi, kopo moja kwa siku. Maharage yaliyolala majini usiku kucha huiva kabla kopo halijaisha. Yale yalichemka, yakachemka tena, yakazidi kuchemka. Saa tano mkaa ukawa majivu. Mama akatafuna harage moja, likalia ka! mpaka Kifungo akacheka.

Mama hakucheka. "Huyu mwanamke ameniuzia maharage ya mwaka juzi!" alifoka. "Mimi! Mteja wake wa miaka minne!"

Huyu mwanamke alikuwa Mama Mizani, muuza nafaka wa sokoni. Aliitwa hivyo kwa sababu mshale wa mizani yake ulipita alama kila mara, ukimpendelea mnunuzi. Mama yangu alimwongezea konzi moja juu ya kipimo kila mara, na konzi ile ndiyo ilikuwa chakula chetu cha Alhamisi.

Nilijua ukweli, nikajitia hamnazo. Nilijiambia hasira za mama zitapoa njiani. Hazikupoa. Alitangulia sokoni na sufuria, mimi nikamfuata na kifuniko.

"Onja!" alisema mbele ya wateja, akiibwaga sufuria mezani. "Onja ulichoniuzia!"

Mama Mizani alitafuna harage moja, akalitema. Akachukua jingine, akalipasua kwa kisu. "Tazama kiini, kikavu. Haya hayakulowekwa."

"Yamelowekwa usiku kucha! Mwanangu mwenyewe ameyaloweka. Unataka kusema mwanangu ni mwongo?"

"Nasema maharage ni ya gunia hili, na gunia hili nimelifungua juzi."

"Mwizi mkubwa wewe!"

Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kupimiwa alirudisha mfuko wake mezani taratibu, akasema atapita baadaye. Mwingine akamfuata. Mama Mizani aliwatazama wakiondoka, akakiweka kisu mezani.

Sijawahi kumkasirikia mtu yeyote kama nilivyojikasirikia pale.

"Mama," nikasema, "sikuloweka."

"Nini?"

"Sikuloweka. Nilitia maji leo asubuhi."

Mama Mizani alinigeukia. "Paza sauti. Nilipoitwa mwizi walisikia wote. Na hili walisikie wote."

Basi nikapaza, kifuniko mkononi, machozi na kamasi vikishindana kushuka. "Sikuloweka maharage! Nilidanganya! Maharage yake ni mazuri!"

Yule mama wa kwanza alirudi, akachukua mfuko wake bila kumtazama mtu.

Nilidhani mama atanichapa papo hapo. Hakunigusa. Alimgeukia Mama Mizani, na sauti yake ikashuka. "Dada, nimekukosea. Nimekukosea vibaya."

"Umenikosea," alijibu Mama Mizani. Hakusema si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alivuta ungo na nusu gunia. "Huyu binti yako anichambulie haya mpaka jioni. Vipande vilivyovunjika atavichukua. Havihitaji kulowekwa, vinaiva upesi. Mtakula."

Nilichambua mpaka kucha zikaniuma. Jioni mama alikopa nusu ya mkaa wa kesho, vipande vikaiva, na Kifungo akalamba sahani. Mama alikuwa bado amefura.

"Unadhani nimekasirikia maharage?" aliniuliza. "Mtu husahau. Mtu hununa, hata mimi hununa. Ungeniambia asubuhi, ningechemsha viazi na maharage yangengoja. Kosa lingeishia hapo. Uliponyamaza, mkaa umeungua bure, na mtu mwema ameitwa mwizi, tena kwa mdomo wangu mimi! Wenye vingi wakidanganyana, wananunua vingine. Sisi tuna kopo moja. Nikikuuliza kilichomo, napika kwa kufuata jibu lako."

Niliosha sufuria.

Wiki mbili konzi ya juu haikuja, na Alhamisi mbili tulikunywa uji mtupu. Kila nilipoloweka, nilipeleka bakuli uani ili mama aone maharage yamo majini. Wiki ya tatu konzi ikarudi, na hakuna aliyeitaja.

Ijumaa hiyo mama aliingia amechoka, akaketi kwenye kigoda. "Umeloweka?"

Nilikimbilia bakuli.

"Nani kakuagiza bakuli?" alisema kwa ukali. "Nimekuuliza."

Nilisimama mlangoni. "Nimeloweka, mama."

"Haya," akasema, akainama kuvua viatu.