Siku Niliyoshindwa Kuinuka Chooni

Jumanne ya tarehe nne Machi, asubuhi, nilichuchumaa chooni nikashindwa kuinuka.

Choo chetu hapa Rusimbi ni cha shimo. Hakina pa kukalia. Nilikaza miguu, ikakataa. Nilishika ukuta, udongo ukabanduka ukabaki mkononi. Mimi, Alphonce, niliyebeba magunia ya saruji bandarini Kigoma mpaka wakaniachisha kazi bila hata asante, nilishindwa kubeba mwili wangu mwenyewe.

Nikaita. Aliyekuja ni Joanitha, mke wa mwanangu.

"Baba, umeanguka?"

"Sijaanguka. Usiingie!"

"Sasa nitakuinuaje nikiwa nje?"

Akaingia amefumba macho. Akanishika makwapani, akaninyanyua. Mkwe wangu! Siku ile hatukutazamana tena.

Mke wangu, Marcelina, alianza hivyo hivyo. Kwanza aliinuka kwa shida. Kisha akaanguka uani, nyonga ikavunjika. Akalala kitandani akinywa uji mpaka tukamzika. Kabla ya kuanguka alikwenda zahanati mara nyingi kusema miguu haina nguvu. Walimwambia, "Bibi, huo ni uzee." Wakampa panadol. Ukutani kwao wameandika kwa rangi: Wazee Kwanza.

Kwa hiyo nilijua ninakoelekea. Kufa sikuogopa. Niliogopa kuogeshwa na mkwe wangu.

Jioni Joanitha alimwita jirani yetu, Elinipa. Ni mtu wa Same, ameletwa huku kikazi. Hospitalini huwafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo, Mzee Alphonce."

"Marahaba. Umekuja kuniambia ni uzee?"

"Nimekuja kukuuliza umekula nini leo."

"Serikali imekutuma kuchungulia sufuria zetu?"

"Amenituma mkweo."

Joanitha akajibu kwa niaba yangu. "Asubuhi uji wa muhogo. Mchana ugali laini na mchuzi wa migebuka. Usiku uji tena. Baba hana meno, lazima ale laini."

"Mchuzi. Na samaki wenyewe?"

"Wanakula watoto. Si ndio wanaokua?"

"Kumbe mzee anapewa maji waliyoogea samaki!"

Joanitha akaficha uso kwa kitenge. Mimi nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

"Na kazi anafanya gani?" Elinipa akauliza.

"Kazi? Watu watanisemaje? Akishika jembe, namnyang'anya. Akishika ndoo, namnyang'anya. Namwekea kiti."

"Mnamheshimu mpaka anakwisha," Elinipa alisema. "Sikilizeni. Mtu akizeeka, misuli ya miguu na mikono hupungua kidogo kidogo. Muhogo unashibisha, lakini haujengi misuli. Kinachojenga ni samaki, dagaa, maharage, karanga, mayai na maziwa. Mzee anavihitaji kila mlo, kama mtoto. Na chakula peke yake hakitoshi. Misuli isipofanya kazi, inakwisha."

"Meno sina," nikasema. "Hao dagaa wataingia kwa mlango gani?"

"Kinu si mnacho?"

Akamwelekeza Joanitha. Dagaa wakaangwe bila mafuta, watwangwe, unga wao utiwe kwenye uji. Maharage ya Kalinzi, kule milimani, yachemshwe mpaka yalainike, yapondwe. Yai likipatikana, lichemshwe nalo lipondwe.

"Mayai ni ya wenye mishahara," nikasema.

"Basi maharage, Mzee. Lakini kesho twende kwanza hospitalini wakupime presha, sukari na figo. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze vyakula hivi kabla ya kumuuliza daktari."

Nilipimwa, sikukutwa na ugonjwa. Elinipa akachukua kiti kigumu, akakiegemeza ukutani. "Simama bila kujisukuma kwa mikono. Keti taratibu. Pumzika, rudia. Ukiumwa, acha. Na mtu awe karibu."

Siku za kwanza nilitetemeka kama kuku aliyelowa. Wajukuu wakapiga makofi: "Babu anacheza ngoma!" Niliwafukuza, nikaendelea. Joanitha akaanza kuniachia kidumu cha maji nibebe mwenyewe. Jirani mmoja akamsema:

"Unamtumikisha mzee wa watu?"

"Njoo basi umwinue wewe chooni," Joanitha akamjibu.

Mwezi wa tano wakubwa wakafunga uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Samaki wazaliane, sawa. Sisi tule nini, hawakusema. Dagaa wakapanda bei. Tukashikilia maharage na karanga za kutwanga.

Mwisho wa Julai nilichuchumaa tena chooni. Joanitha alisimama uani, anajifanya anafagia.

"Baba, nije?"

"Usithubutu!"

Nikakaza mapaja. Yakanisikia. Nikainuka, na ukuta sikuugusa. Nilipotoka, Joanitha aliweka ufagio chini akanitazama usoni. Nami nikamtazama.

Wiki ile nikaenda kwa miguu yangu mpaka zahanati ile ile aliyokuwa akienda Marcelina. Kwenye benchi alikaa mama mzee, anasugua mapaja. Alisema miguu imemwishia nguvu. Daktari akamwambia, "Bibi, huo ni uzee." Akamwandikia panadol.

Nikasimama. Benchi sikulishika.

"Muulize anakula nini," nikasema.

"Mzee, subiri zamu yako."

"Zamu yangu ilipita na mke wangu. Alikaa hapo hapo. Dagaa tunawaanika mlangoni kwetu. Kinu tunacho. Maharage yanashuka kila siku kutoka Kalinzi. Hakuna kilichokosekana, ila mtu wa kutuambia!"

Daktari akainamia karatasi zake, akaita mwingine. Nilimuuliza mwenyekiti wa mtaa kwa nini hatukuambiwa, akasema atalifikisha juu. Nilimuuliza hata Elinipa, naye ni wa serikali. Akafuta macho.

Mimi leo nainuka mwenyewe, naoga mwenyewe. Lakini bado nauliza. Mara zote zile Marcelina alipokaa kwenye benchi lile, kwa nini hakuna hata mmoja aliyemuuliza amekula nini?