Bega la Kulia

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alimsalimia mama yake, akanywa kikombe kizima cha maji bila kupumua, kisha akaketi sakafuni katika chumba cha kushonea na kuvuta kadibodi ya kuchorea vipande vya nguo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwingine kote aliitwa Chapuchapu, maana hakuna kazi iliyomkalia muda mrefu, wala hakuna aliyoimaliza bila kuacha kasoro ndogo.

Mama yake alikuwa fundi cherehani na mwenyekiti wa chama cha mafundi kumi na wawili. Zamani kila fundi alikata sare kwa vipimo vyake, hata wanafunzi wa darasa moja wakaonekana kama wametoka shule nne. Ndipo Fundi Bega, mzee kuliko wote, aliposema, "Tuwe na shati moja la msingi. Mimi nitakata vipande, ninyi nyote mchore kutoka kwavyo. Shule ikitaka kola ya duara, tunaongeza kola. Ikitaka mfuko wenye kifuniko, tunaongeza mfuko. Ila mwili wa shati usiguswe."

Akavikata kwa kadibodi ngumu, navyo vikaitwa vipande mama. Vilitundikwa ukutani, na chini yake likawekwa daftari: atakayebadilisha chochote, hata upana wa uzi, aandike na awaambie wenzake.

Miezi mitatu baadaye Fundi Bega akafariki. Koti lake la kazi lilibaki kwenye msumari, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliondoa. Lilikuwa limeuzoea mwili wake. Bega la kulia lilishuka, kama lake lilivyoshuka kwa miaka mingi ya kunyanyua pasi ya mkaa. Ukiingia chumbani ghafla, ungedhani kuna mtu amekupa mgongo.

Muhula ulipokaribia, Chapuchapu alipewa kazi ya kuchora nakala mpya kwa mafundi wote. Alasiri moja alikuwa ameshika kipande mama cha mbele cha kulia wenzake walipomwita dirishani.

"Chapuchapu! Unakuja kuruka kamba au tuanze bila wewe?"

"Nakuja! Msianze!"

Alikiweka kipande kando ya pasi ya moto, akachungulia nje, akabishana nao kuhusu zamu. Alipogeuka, moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Ukingo wa bega ulikuwa mweusi.

Alichukua mkasi akaukata ule weusi vizuri, upana wa kidole kimoja tu. "Nani atapima kidole?" alijiambia. Ndala za mama zikasikika ukumbini. Bila kufikiri, alikitumbukiza kile kipande cheusi kwenye mfuko wa koti la Fundi Bega. Ndani ya mfuko kulikuwa na baridi, ingawa chumba kizima kilikuwa na joto. Kisha akachora nakala zote kumi na mbili, akakimbilia kamba.

Wiki mbili zikapita. Ijumaa mchana mafundi walianza kuleta mashati, ambayo yangepelekwa shuleni Jumatatu. Wa kwanza alikuwa Fundi Kelele, mtu ambaye hata salamu yake husikika nyumba ya tatu.

"Fundi," mama alicheka, akiliinua shati moja, "hili ulilishona umesinzia? Bega limeanguka."

"Mimi? Hata nikisinzia, mkono wangu hausinzii! Labda macho yako yanataka miwani, dada."

Akaja fundi wa pili, mama mmoja mpole anayekaa ng'ambo ya bonde. Mashati yake yalikuwa vilevile. Alipofika wa tatu, hakuna aliyecheka. Kufikia saa kumi, mashati mia mbili yalining'inia chumbani safu kwa safu, kola tofauti, mifuko tofauti, bega moja. Yote yaliinama upande wa kulia kama watu wanaotega sikio mlangoni. Upepo ukapita dirishani, yakageuka pamoja. Mwisho wa safu lilikuwa lile koti, nalo limeinama vilevile.

Kwa mara ya kwanza maishani, Fundi Kelele alinong'ona. "Ni yeye. Nyumba kumi na mbili, mikono kumi na miwili, bega lake."

"Marehemu hashoni," mama alisema, lakini hakuligeukia koti.

"Basi niambie ni nani. Tuvichome vipande vyake kesho, na hilo koti pia. Kila mtu arudi kwenye vipimo vyake."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mama akaomba jambo moja tu, mjane wa Fundi Bega aitwe kwanza.

Chapuchapu alibaki peke yake mle ndani. Aliamini marehemu amekasirika kwa kuingiziwa mkono mfukoni. Akavaa shati moja, akasimama mbele ya kioo kirefu cha wateja. Bega lake mwenyewe likashuka mbele ya macho yake. Alilipandisha, lakini shati likabaki chini. Akapitisha kidole kwenye mshono wa bega la kushoto, kisha la kulia. Tofauti ilikuwa kidole kimoja. Akatazama kidole chake kwa muda mrefu. Hapakuwa na mzimu. Kulikuwa na yeye.

Asubuhi moto uliwashwa uani kwenye pipa. Mjane alifika akiwa na mfuko mtupu wa nguo, tayari kulichukua koti la mumewe.

"Shikamoo, Bibi," Chapuchapu alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi akawageukia mafundi. "Mume wangu hakumharibia mtu hata kifungo. Leo mmemfanya jini?"

Fundi Kelele alikwisha kunyanyua vipande mama kuelekea pipani.

"Subirini!" Chapuchapu alipiga kelele. "Si yeye. Ni mimi."

Alilisogelea koti, lililokuwa limeshushwa kando ya pipa, akaingiza mkono mfukoni. Vidole viligusa kipande cha chaki, kisha kitu kikavu. Akakitoa kile cheusi, akakipachika kwenye bega la kipande mama. Kilikaa sawasawa. Akaeleza yote: pasi, kamba, mkasi, mfuko.

Mama alikuwa wa kwanza kusema. "Na mimi nilipaswa kulinganisha nakala zako na za zamani kabla ya kuzigawa. Sikufanya." Kisha akashika kichwa. "Lakini mashati mia mbili! Kitambaa kilichokatwa hakiongezeki."

Bibi alichukua shati moja, akaligeuza ndani nje, akatabasamu. "Mlimlalamikia marehemu kwamba anapoteza kitambaa, sivyo? Kwamba anataka vidole viwili vya akiba kwenye kila mshono?"

Fundi Kelele akajipiga paji la uso. "Vidole viwili! Tufumue bega, tuachie kimoja!"

Siku mbili cherehani hazikupumzika. Chapuchapu alifumua mabega yote mia mbili, uzi mmoja mmoja, polepole, hata Fundi Kelele akamtania, "Tukutafutie jina jingine sasa." Jumatatu mashati yakaenda shuleni yamenyooka. Kipande mama kipya kilitundikwa, na ndani ya daftari Chapuchapu akaandika: *Bega la kulia. Niliunguza, nikakata, nikaficha.*

Koti lilirudishwa kwenye msumari wake. Bibi alilipangusa vumbi, kisha akamshika mtoto mkono.

"Babu yako aliacha akiba kwa sababu alijua binadamu hukosea," alisema. "Lakini akiba hiyo, mjukuu wangu, haikuweza kumsaidia mtu yeyote mpaka wewe uliposema. Kosa lililosemwa hufumuliwa. Lililofichwa huvaliwa na watu wote."