Ngoma ya Mzee Ndyamukama na Darubini Fupi

Nyumba ya Egbert pale Nyaishozi ilikuwa katikati ya migomba. Ukisimama uani, uliona migomba mbele na migomba nyuma, na mibuni imejipenyeza katikati yake. Anga lilikuwa dogo kama mdomo wa chungu.

Kila jioni Kokuhirwa, mke wa Egbert, aliepua ndizi na maharage. Kabla ya mtu mwingine kula, alimpelekea baba mkwe wake, Mzee Ndyamukama.

"Shikamoo, tata," alisema; tata kwao ni baba.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Umebeba mlima?"

"Nimebeba ndizi zako tu, tata."

"Basi umejaza mno. Unataka ninenepe mpaka mlango unikatae?"

Kokuhirwa alicheka. Kisha akasubiri. Zamani, baada ya mzaha, mzee aliuliza, "Na mwezi je, umeandama?" Sasa hakuuliza tena. Alikula tu, na ngoma yake ndogo ilining'inia ukutani, imefunikwa kwa kitambaa.

Ngoma hiyo ilikuwa na historia yake. Ujanani, Ndyamukama alikuwa miongoni mwa wapiga ngoma wa mtawala. Mwezi ulipoandama, ngoma zililia, na watu wakajua mwezi mpya umeingia. Alipozeeka aliendelea kuipiga uani kwake, kila mwezi. Hata siku ile Kokuhirwa alipoletwa hapa akiwa bibi harusi, akilia kwa kumkumbuka mama yake, mwezi uliandama. Mzee alipiga ngoma, akamwambia, "Usilie. Wewe na mwezi mmeingia kwangu pamoja." Neno hilo Kokuhirwa hakulisahau.

Baadaye macho ya mzee yakafifia. Hospitali ya misheni ilimpa miwani. Kwa miwani hiyo aliona nyuso za watu na njia ya kisimani. Lakini mwezi mchanga ni mwembamba kama ukucha. Ulimshinda. Ikabidi atumie macho ya wengine.

Jioni moja jirani yao Yustus alipita njiani, ametoka kunywa rubisi, pombe ya ndizi. Akapaza sauti, "Mzee! Mwezi ule, juu ya kilima!" Mzee akachukua ngoma, akapiga kwa furaha. Kumbe hapakuwa na mwezi. Uliandama kesho yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Ndyamukama anausalimu mwezi ungali tumboni!" walisema.

Tangu siku hiyo mzee aliitundika ngoma. "Siwezi kuwatangazia watu kitu nisichokiona," alisema. Hata swali lake la mwezi akaliacha.

Usiku mmoja Kokuhirwa alimwambia mumewe, "Egbert, baba yako anazimika kama moto usiochochewa. Anahitaji kuuona mwezi kwa jicho lake mwenyewe."

Egbert alikuwa mtu wa haraka. Hakukaa na jambo. "Pastory ana darubini dukani," alisema. "Nitaileta."

Pastory alikuwa mfanyabiashara kutoka Muleba. Alikuwa amenunua darubini mbili za mitumba, za mzungu mmoja aliyerudi kwao. Moja ilikuwa ndefu, ya shaba inayong'aa. Nyingine ilikuwa fupi na nene, rangi yake imebanduka. Egbert hakuitazama hata kidogo ile fupi.

"Hii ndefu inakuza mara nyingi sana," alisema Pastory. "Lakini bei yake ni kubwa. Nenda nayo ukaijaribu kwanza. Isipokufaa, irudishe."

Egbert na rafiki yake waliibeba begani, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama watu waliobeba machela. Njiani watu walisimama kuangalia. Egbert alitembea kifua mbele. Kokuhirwa alipoiona, moyo wake ulishtuka. Fedha ya kahawa ilikuwa ya ada ya shule na ya jembe jipya. Darubini hii ingeila yote.

"Ni kwa ajili ya baba," alisema Egbert. Kokuhirwa akawapisha waingie.

Jioni ile mwezi ulikuwa umekwisha kukua, ukaonekana juu ya paa la nyumba. Egbert alisimamisha darubini uani, chini ya migomba, penye nyasi zilizotandazwa kulinda unyevu. Akahangaika mpaka jasho likamtoka. Mara auone mwezi, mara umpotee. Hatimaye akaita, "Tata, njoo upesi!"

Mzee aliinama, akaweka jicho. Kuku akapita, mguu wa darubini ukadidimia kwenye nyasi.

"Unaona?"

"Naona kitu kinachemka kama uji." Akangoja. "Sasa sioni chochote."

"Angalia vizuri, tata!"

Mzee aliangalia tena, muda mrefu. Alipoinuka, alishika mkono wa mwanawe, akaupapasa polepole. "Umejitahidi, mwanangu. Ni macho yangu. Yamekufa. Tusiyasumbue tena."

Akaingia ndani. Egbert alibaki ameshika shaba yake, na Kokuhirwa akageuza uso ili mumewe asione machozi.

Asubuhi jirani yao Bwana Novatus alikuja kuazima panga. Huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi na wapima ardhi, na alipenda sana kuwachokoza watu. Alipoiona darubini alipiga makofi.

"Egbert! Hii ni darubini au mrija wa kunywea rubisi?"

"Usinicheke, Novatus. Baba hakuona kitu. Anasema macho yake yamekufa."

Novatus aliacha kucheka mara moja. "Hakuona? Hebu na mimi nione."

Akaiinua ile darubini, akaguna kwa uzito wake. Akaizungusha, akatazama kioo cha mbele. "Kioo ni kidogo kama kifungo cha koti," alisema. "Kokuhirwa, mvua ikinyesha, utakinga maji kwa kikombe au kwa beseni?"

"Kwa beseni."

"Kwa nini?"

"Mdomo wake ni mpana. Linajaa upesi."

"Ndivyo kilivyo kioo cha mbele. Kazi yake ni kukinga mwanga. Kioo kipana hukinga mwanga mwingi, na jicho la mzee linataka mwanga mwingi. Urefu wa bomba haumsaidii."

"Lakini Pastory amesema inakuza mara nyingi!" alisema Egbert kwa ukali kidogo.

"Inakuza, ndiyo. Inakuza na mtikisiko pia. Tena inakuonyesha kipande kidogo sana cha anga. Ndiyo maana mwezi ulikuwa unakupotea. Mkuzo wa kiasi unatosha." Akabonyeza ardhi kwa kidole cha mguu. "Na hapa ni laini kama godoro. Kila kuku akipita, mwezi unacheza ngoma."

Kokuhirwa aliuliza, "Na kule kuchemka kama uji?"

Novatus alitazama paa la nyasi. Moshi wa jiko ulikuwa ukipenya taratibu, kama kawaida ya nyumba ya msonge. "Jana mlitazama juu ya paa?"

"Ndiyo. Na mimi nilikuwa napika."

"Basi mwezi ulipikwa pamoja na ndizi zako, shemeji. Hewa ya moto hutikisika. Ukitazama kupitia hewa hiyo, huoni vizuri, hata uwe na macho ya kipanga."

Egbert alikaa juu ya kinu. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si macho ya baba."

"Sijui," alisema Novatus. "Sikudanganyi. Lakini jana hata mimi nisingeona."

Siku hiyo hiyo Egbert na Novatus walirudisha ile ndefu. Safari hii Kokuhirwa alikwenda nao. Pastory alikuwa muungwana. Akawatolea ile fupi. Kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kama kikombe cha chai. Kokuhirwa aliibeba kwa mkono mmoja.

"Msilipe kwanza," alisema Novatus. Akatoka nayo nje barazani. Alikagua kioo kama kina mikwaruzo mingi au ukungu. Alitikisa miguu yake mitatu aone kama imelegea. Kisha akamwambia Kokuhirwa, "Tazama mti ule ulio juu ya kilima. Zungusha hapa polepole, mpaka utulie."

Kokuhirwa alizungusha. Kwanza aliona ukungu wa kijani. Halafu, ghafla, majani yakawa majani. Ndege alikuwa amekaa tawini, akijikuna chini ya bawa.

"Mama yangu! Anajikuna!" alipiga kelele, na watu wote wa dukani wakacheka.

"Na rangi iliyobanduka?" aliuliza Egbert.

"Unataka kuioa?" alisema Novatus.

Bei yake haikuzidi ya mbuzi. Ada ya shule ilibaki salama.

Walisubiri mwezi ule uishe. Siku ya mwandamo ilipofika, Kokuhirwa alipika mapema, akazima moto jua lingali juu. Egbert na Novatus waliweka darubini kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, mahali palipopigwa udongo ukawa mgumu kama jiwe, mbali na paa. Migomba ilizunguka uwanja huo pande zote. Egbert alichukua panga. "Nitaikata hii ya magharibi," alisema.

"Weka panga chini," alisema Mzee Ndyamukama. Alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo. Hakutaka kuja, lakini alikuja. "Migomba hiyo aliipanda mama yako. Novatus, unaielekeza wapi?"

"Pale kushoto, mzee, kwenye uwazi ule. Niliuona hapo wakati wa mvua za vuli."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Mwezi haulali kitanda kimoja mwaka mzima. Msimu wa kahawa, kama sasa, hushukia kulia, upande wa kijiji cha Mabira. Leteni darubini hapa, tutazamie njia ya kisimani."

Kokuhirwa aliinua darubini, akaihamisha. Ilikuwa nyepesi, na njia ya kisimani ilikuwa imefungua anga kati ya migomba. Novatus alikubali kwa kichwa. "Hilo sikulijua," alisema.

Egbert akainama ili aanze kutafuta. Novatus alimvuta kwa nguvu, akafunika kioo kwa kiganja. "Jua bado halijazama! Ukilitazama jua kwa darubini, hata mara moja, utapofuka. Hatuigusi mpaka limezama lote."

Wakangoja. Jua lilizama nyuma ya kilima. Anga likawa la rangi ya papai. Ndipo Novatus akatafuta, akaupata, akasogea pembeni.

Kokuhirwa alimshika mzee mkono, akauongoza hadi kwenye kile kipande cha kuzungusha. "Zungusha mwenyewe, tata. Polepole. Jicho lako ndilo litakalojua pa kusimama."

Mzee alivua miwani, akaweka jicho. Akazungusha mbele, akarudisha nyuma. Akazungusha tena kidogo. Vidole vikatulia.

Kokuhirwa alisogea karibu.

"Una mabonde," mzee alisema mwishowe. "Miaka yote nimeupigia ngoma, sikujua kwamba una mabonde."

Chozi lilimteremka, likalowesha darubini. Kisha akainuka, akanyoosha mgongo. "Kokuhirwa, mwanangu. Niletee kitu changu."

Alikimbia. Kitambaa akakitupa hukohuko ndani.

Ngoma ililia juu ya migomba ya Nyaishozi. Kwanza polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliopona. Halafu ikalia kwa nguvu.

Sauti ya Yustus ikatoka upande wa pili wa kibanja, lile shamba la migomba. "Mzee! Leo nani tena kakudanganya?"

"Leo nimeuona mwenyewe!" alijibu mzee. "Toka nje, kijana! Tazama upande wa Mabira, chini, juu ya kilima!"

Mzee alisubiri, mikono juu ya ngozi ya ngoma. Kisha walimsikia Yustus akimwita mkewe, "Mama, njoo! Ni kweli! Upo!" Na mke wa Yustus akapiga vigelegele.

Tangu hapo, kila mwezi mpya, moto wa Kokuhirwa ulizimwa mapema. Majirani walikuja uwanja wa kahawa, wakatazama kwa zamu, na Yustus alikuwa wa kwanza kubeba ile miguu mitatu. Egbert aliwaeleza wote habari za kioo kipana na ardhi ngumu, na kwamba jua halitazamwi. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kutangaza mwezi kabla ya mzee.

Na jioni, Kokuhirwa alipompelekea mkwewe ndizi, swali lilikuwa limerudi.

"Mwanangu, siku ngapi bado mwezi uandame?"

"Chache, tata. Kula."