Siri Yangu Iliombewa na Wamama

Nina miaka ishirini na tatu, niko mwaka wa kwanza iniversite hapa Kamina. Mimi ni mutu wa nyumba. Darasa, kanisa, kitanda... hizo njo safari zangu zote. Nadège, tuliyepanga naye chumba kimoja, aliniita yaya, dada mukubwa, akanicheka kila siku: "Yaya, weye njo kadena, kufuli ya huu mulango?"

Yeye alipenda wageni. Walikaa mpaka usiku juu ya kitanda changu mwenyewe, na usingizi nikaukosa. Tukagombana mpaka tukaacha kusalimiana.

Chuo chetu kina biro, ofisi ya kupatanisha wanafunzi kwa siri. Mama mupatanishi alitukalisha, akaahidi: "Yote mutasema hapa, itabakia hapa." Nikaamini. Nikasema jambo ambalo hata fianse, muchumba wangu, hakulijua: nina kifafa. Nikikosa usingizi, ninaanguka. Nilikuwa bado natafuta moyo wa kumwambia mbele ya mahari kuletwa...

Nadège alilia. Tangu siku ile alifukuza wageni mapema, na mimi akanituma kulala kama mutoto. Nikasema, biro hii ni dawa.

Kumbe yule mama aliongoza pia kikundi cha maombi cha wamama. Siku moja akasimama, macho amefumba: "Bamama, tuombee binti mumoja wa iniversite, anaikala kule kwa gare, mahari yake iko karibu, na iko na kifafa."

Kwa gare, pale stesheni ya treni, binti wa iniversite aliyengojea mahari alikuwa mimi peke yangu. Na aliyepiga magoti pembeni yake alikuwa nani? Mama wa fianse wangu. Wanasema aliitika amina kwa sauti kubwa.

Mahari haikuja. Fianse aliandika kwamba wazazi wamekataa, na kwamba yeye aliumia kusikia kwa mama yake badala ya kwangu.

Nikamfuata mama mupatanishi. Hakuona haya. "Mwanangu, sikutaja jina. Nilimwambia Mungu tu."

Nikamwuliza kama Mungu hakusikia tulipokuwa mule mu biro. Akasema nina kiburi.

Na Nadège, niliyemwita adui? Mpaka leo hakuna aliyesikia neno la siri yangu kutoka kinywani mwake.

Wasomaji wenzangu, siwakatazi kupatanishwa; mimi usingizi niliupata pale. Lakini mbele ya kufungua kinywa, muulize anayekusikiliza: hata mu maombi, utanyamaza? Akisita... mushukuru, usimame, uende zako. Na habari ya mwili wako, mpe muchumba wako mwenyewe, mapema, asiipate kwa mwingine.

Wamama bado wananiombea. Sasa wanaomba nipate bwana.