Aliyekataa kwa Jina la Wanja

Jumanne asubuhi, Wanja Nyamu alifungua kompyuta ofisini mjini Embu ili kuuliza habari za viza. Jibu alilopata lilikuwa fupi. Nafasi yake ya masomo haikuwepo tena. «Tunaheshimu uamuzi wako wa kujiondoa,» wafadhili walimwandikia. «Tunamwombea mama yako apone.»

Wanja hakuwa amejiondoa.

Kufikia saa sita alikuwa ameketi mbele ya Inspekta Mukami, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyepewa kesi za makosa ya mitandao kituoni kwa sababu hakuna mwingine aliyeyataka. Mukami alisukuma kando sahani ya githeri aliyokuwa akila peke yake.

“Hebu eleza tena, polepole.”

Wanja alieleza. Alikuwa wakili kijana, mtoto wa pekee wa mchuma chai wa Kibugu. Alikuwa ameandika insha, akahojiwa kwa video, akakataliwa mara nyingi. Hatimaye shirika moja la Uholanzi likakubali kumsomesha shahada ya uzamili ya sheria ya ardhi: karo, nauli, malazi, kila kitu. Alikuwa amebakisha viza tu. Kumbe Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, barua pepe ilikuwa imetumwa kutoka akaunti yake mwenyewe.

Mukami aliisoma kwa sauti. «Mama yangu ameanguka na kuvunjika nyonga. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Najiondoa. Tafadhali mpeni mwingine nafasi yangu.» Akauliza, “Huu ni uongo?”

“Mama alianguka kweli, Madam. Jumatano jioni, akitoka kwenye majani chai. Amefanyiwa upasuaji jana, hata kuongea bado. Lakini mimi sikuandika hiyo. Alhamisi saa tano nilikuwa nimesimama mbele ya hakimu kule Ishiara, kesi ya mpaka wa shamba. Simu nilikuwa nimeizima tangu Jumatano jioni, nijiandae na kesi. Nilirudi Ijumaa jioni.”

“Wewe ulijua lini kwamba mama ameanguka?”

“Jumamosi. Nilipanda Kibugu kumsalimia, nikakuta mlango umefungwa. Jirani ndiye aliniambia.”

Mukami alimtazama kidogo, kisha akaandika maneno machache na kuyapigia mstari. Hakusema ameandika nini.

“Nani anaweza kufungua akaunti yako?”

“Huwa iko wazi kwenye kompyuta ya ofisi. Na simu ya Kinyua, nilishawahi kuitumia, sikumbuki kama niliifunga.” Wanja aliinamisha uso. “Kinyua alikuwa anioe. Alisema nikipanda ndege nisimtafute tena.”

“Na sasa nafasi imemwendea nani?”

“Caroline Ndwiga, aliyekuwa wa akiba. Yuko Meru mjini. Naye ni wakili; tulisoma sheria pamoja, tukasaidiana kuandika insha. Paswadi yangu ya zamani anaijua.”

“Na mwenye ofisi?”

“Wakili Kivuti? Huyo mwache, Madam. Yeye ndiye alinionyesha tangazo la ufadhili. Amesaidia wanne kabla yangu kwenda kusoma ng'ambo.”

Jumatano Mukami alikuwa Timau, shambani alikofanya kazi Kinyua. Upepo ulishuka kutoka mlimani ukilaza ngano, na watu walizungumza wakiwa wamekunja mikono kwapani. Kinyua alikuwa chini ya mashine ya kuvunia, mikono imejaa grisi. Alipotoka hakumpa mkono.

“Nilimwambia asiende,” alisema kabla hajaulizwa. “Nilimwambia usoni. Kwani ni kosa?”

“Si kosa. Alhamisi saa tano ulikuwa wapi?”

“Hapa hapa. Uliza hawa wote.”

“Simu yako inafungua barua pepe za Wanja?”

Alisita, kisha akaitoa mfukoni. “Inafungua. Zamani nilikuwa nazisoma. Siku hizi sizisomi. Zinanifanya nikose usingizi.”

Mukami aliirudisha simu ile. “Mama mkwe hajambo?”

“Mama Celina? Huyo ni mzima kuliko mimi. Siku ya Pasaka alinishinda kuchuma.” Kinyua alijaribu kutabasamu. “Mwambie namsalimia. Nilikuwa nikimpigia kila wikendi, lakini tangu tukosane na Wanja, nitampigia nikiwa nani?”

Alasiri hiyo Mukami alishuka Meru mjini. Caroline alikaa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Sanduku jipya lilikuwa limesimama kando ya kitanda, karatasi ya dukani bado imeuzunguka mpini.

“Mimi ndiye nimefaidika, kwa hivyo mimi ndiye mwizi. Si ndiyo?” alisema Caroline.

“Nimekuja kuuliza tu.”

“Waliniandikia Ijumaa. Nikapiga magoti hapo ulipo, nikalia. Jumatatu nikaaga kazini. Miaka mitatu nimekuwa nikituma maombi, Inspekta, na kila mwaka mimi ni wa akiba. Watu wakanizoea hivyo.”

“Hukujiuliza kwa nini Wanja alijiondoa?”

“Nilijiuliza. Nikafikiri pengine amepata mimba. Au Kinyua amemshinda.” Sauti yake ilipungua. “Nilitaka kumpigia, nikaogopa atabadilisha nia. Hilo ndilo kosa langu, kama unalitaka.”

“Mama yake anaendeleaje?”

Caroline alimtazama bila kuelewa. “Mama yake ana nini?”

Mukami alifunga daftari lake.

Alhamisi asubuhi daktari alimruhusu aingie wodini, katika hospitali ya Embu. Mama Celina alikuwa mwanamke mdogo, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Kitanda chake kilikuwa mwisho wa safu, kando ya dirisha. Mukami alimsalimia kwa Kiembu, wakaongea kwa lugha ya nyumbani.

“Mama, ulipoanguka, ulimwambia nani?”

“Majirani walionibeba. Halafu nikampigia mtoto, simu yake imezimwa. Nikampigia mwajiri wake, yule Wakili, usiku ule ule, nikamwambia nyonga imevunjika. Akasema nisiwe na wasiwasi, atamwambia mwenyewe.” Alinyoosha shuka. “Ni mtu mzuri. Alhamisi jioni aliniletea machungwa.”

“Na Wanja?”

“Hakuja. Ijumaa pia hakuja. Halafu simu yangu ikaisha moto. Nilifikiri ameambiwa na kesi imemshika. Alipokuja Jumamosi akilia, sikumwuliza. Mtu hamwulizi mtoto wake mbona hukuja.”

Kutoka wodi ile hadi ofisi ya Wanja ni mwendo mfupi kwa miguu. Siku mbili mama alikuwa amelala hapo akitazama mlango.

Ofisi ya Wakili Kivuti ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu. Meza zilikuwa nyingi kuliko watu. Mzee, suti yake imepigwa pasi vizuri, alisimama kumpokea mgeni. Wanja alikuwa kwenye meza yake karibu na dirisha.

“Karibu, Inspekta. Umempata?”

“Bado namtafuta, Wakili. Nisaidie kidogo. Mama Wanja alianguka lini?”

“Jumatano, maskini.”

“Na wewe ulijua lini?”

Kivuti alimvutia mgeni kiti. Alikuwa amewahoji mashahidi maisha yake yote, na alijua swali hilo linaelekea wapi. “Wanja aliniambia,” alisema hatimaye. “Jumamosi.”

“Aliyeandika barua ile aliiandika Alhamisi, na aliitaja nyonga iliyovunjika. Wanja hakuwa na habari. Kinyua hana habari hata leo, wala Caroline. Kwa hivyo sitafuti mtu aliyekuwa na paswadi. Namtafuta mtu aliyejua mama ameumia kabla ya mtoto wake kujua. Mama Celina anasema alikupigia wewe. Anasema ulimpelekea machungwa.”

Wanja alisimama, kiti chake kikagonga ukuta.

“Mzee, ulienda kumwona mama?”

“Nilienda.”

“Na Ijumaa jioni nilipofika hapa, ukaniuliza kesi imeendaje. Ukanipa chai.” Alishika ukingo wa meza. “Nikanywa chai na mama yangu amelala pale chini bila mtu.”

Kivuti aliketi. Alivua miwani, akaishika mkononi kama kitu asichokijua.

“Simu ilipoingia nilijiambia hiyo ni sababu nzuri. Kwamba ukisikia utabaki mwenyewe, mimi nakutangulia tu. Asubuhi nikafungua kompyuta, akaunti yako ikawa hapo. Nikaandika.”

“Kama uliamini atabaki, kwa nini hukumwambia?” Mukami aliuliza.

“Kwa sababu angekimbilia hospitalini, na Celina angemwambia aende Uholanzi hata kama yeye atatambaa. Namjua Celina. Nilitaka barua ifike kwanza, nafasi itolewe.”

“Lakini wewe ndiye ulimtafutia ufadhili huo.”

“Alistahili.” Alitazama meza zilizokuwa tupu, vumbi limefutwa juu yake. “Na nilidhani hatapata. Nimewapeleka wanne, Inspekta. Usiku mzima nilirekebisha insha zao. Wa kwanza alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Wa pili, Krismasi. Wa nne sijui hata yuko nchi gani. Mke wangu alipofariki hakuna aliyeweza kuja, nauli ni ghali, sikuwalaumu. Lakini niliporudi kutoka makaburini, nilirudi hapa. Nilikaa hapa nikaona sina mahali pengine. Kisha huyu akaja kuomba kazi.”

Wanja alikuwa akilia bila sauti. “Ungeniambia nisiende.”

“Ungebaki?”

“Sijui, Mzee. Lakini ungekuwa umeniuliza.”

Huko chini mtu alikuwa akibishana bei ya mbegu za maharagwe.

“Nitahitaji maelezo yako kituoni,” Mukami alisema. “Kuingia akaunti ya mtu bila idhini, na kujifanya yeye. Una haki ya kuwa na wakili.”

“Najua,” alisema Kivuti, akavaa miwani yake.

Alikiri kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Ijumaa Mukami aliwaandikia wafadhili, na kabla ya jioni walimrudishia Wanja nafasi yake. Ndipo ikambidi Mukami ampigie Caroline. Alimweleza kila kitu: mzee aliyeogopa kubaki peke yake, barua, mama aliyekuwa wodini.

“Nimekusikia,” alisema Caroline. “Asante kwa kuniambia wewe mwenyewe.” Kisha akauliza, “Huyo mzee atashtakiwa lini?”

“Jumatatu, hapa Embu.”

Jumatatu chumba cha mahakama kilikuwa na watu wachache. Wanja hakufika; alikuwa wodini, mama yake akijifunza kusimama kwa mikongojo. Mawakili wawili watatu wa mjini, waliomfahamu Kivuti tangu wakiwa wanafunzi, walikuwa wameketi mbele. Hakuna aliyegeuka kumtazama mtu aliyesimama kizimbani. Mukami aliketi nyuma, peke yake.

Karani alisoma mashtaka. Mzee akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni kweli.

Hakimu aliinua kichwa. “Nani anamwakilisha mshtakiwa?”

Wakili mmoja alipangua karatasi zake akazipanga upya.

“Sina mtu, Mheshimiwa,” alisema Kivuti.

Mlango ulifunguliwa. Msichana mwenye suti nyeusi ya kuazima, iliyomzidi mabega, alipita katikati ya viti, akasimama mahali wanaposimama mawakili. Alikuwa akihema, kama mtu aliyetoka Meru alfajiri na kukimbia kutoka stendi.

“Caroline Ndwiga, Mheshimiwa,” alisema. “Nitamwakilisha mimi.”